Kibarua wa Mdogo Wangu

Nitaeleza habari za mdogo wangu Ikram, na nitajitahidi nisimtukane, kwa sababu ni mtoto wa mama yangu na kwa sababu hapa Kwaluguru kila mtu ameshamtukana kwa wakati wake. Yeye ana miaka thelathini na tatu, mimi arobaini na tano. Mama yetu alikuwa mmoja, baba zetu wawili tofauti. Yeye ni Ikram Hamza, mimi ni Mashavu Rajabu, na kama si tofauti hiyo ya majina ya baba, upuuzi huu wote usingefika hata siku ya tatu.

Niseme kwanza kwamba Ikram si mvivu. Watu wakikisikia kisa hiki hudhani ni mmoja wa wale wasiotaka kushika jembe. Si kweli. Akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa anamaliza ngwe yake, anarudi kunisaidia yangu, huku ananicheka. Akitazama rangi ya jani tu anajua kama mahindi yana njaa au yana ugonjwa. Mikono yake ni ya mkulima na hakuna aibu yoyote hapo. Aibu aliiona yeye.

Alipofika miaka ishirini na tano alikwenda Korogwe kutafuta maisha. Maisha yenyewe yakawa ni kuosha vyombo kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi, miaka mitatu, na hapohapo akaolewa na utingo wa lori. Siku moja utingo akaondoka na mzigo wa mbao kwenda Dar es Salaam. Mbao zilifika; yeye hajarudi mpaka leo. Ikram akarejea nyumbani na sanduku, magauni matatu mazuri, viatu vya kisigino, mwavuli wa maua na Kiswahili cha kubana pua. Miaka minne alikaa nasi akila, akilima na kulala. Kucheka alikuwa hacheki.

Mimi nilikuwa nimerudi kabla yake. Mume wangu alifariki, na shamba tulilofyeka pamoja kwa miaka kumi na minne wakalichukua shemeji zangu, kwa sababu jina langu halikuwa limeandikwa popote. Nilitoka pale na binti yangu, sufuria mbili na jembe. Mama akatupokea. Naye alipofariki alituachia sisi wawili shamba lake la ekari tatu, kuanzia ua wa minyaa wa Mzee Mhina upande wa juu hadi kwenye korongo tunalopakana na Matayo upande wa chini. Sina ardhi nyingine duniani.

Ilikuwa mwezi wa nne, wakati wa palizi ya mahindi. Huku kwetu wanawake tunapalilia kwa zamu: leo tunakusanyika kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa mwingine, mpaka mashamba yote yamekuwa safi. Siku hiyo zamu ilikuwa yetu. Tulikuwa wanne shambani, pamoja na Grasiana, mke wa Matayo. Ikram alikuwa ndiyo kwanza anatoka Kabuku kumwona mgonjwa. Alisimama kijiani na gauni lake la njano, viatu mguuni, mwavuli kichwani, akituambia anakwenda kubadili nguo aje ashike jembe. Dakika tano tu angekuwa ameshabadili. Dakika tano!

Hapo ikaja pikipiki. Akashuka mwanamume wa miaka kama thelathini na sita, suruali imepigwa pasi mpaka ina makali, begi la nyaraka begani. Akasema anaitwa Awadhi, ni mtu wa Korogwe, yuko na timu ya watu wa ardhi waliokuja kupima mashamba ya vijiji ili kila mtu apewe hati yake ya kimila. Aliuliza njia ya ofisi ya kijiji. Kisha akatutazama sisi tulioinama, matope mpaka viwikoni, akamtazama Ikram na mwavuli wake.

"Hongera sana, dada," akasema. "Vibarua wote hawa ni wako?"

Mdogo wangu angeweza kusema jambo lolote. Lugha ni pana. Alichosema ni, "Eeh."

Nakubali kwamba "eeh" inaweza kumponyoka mtu. Lakini yeye hakuishia hapo. "Mimi shughuli zangu hasa ziko Korogwe," akaendelea, "nina mgahawa pale karibu na stendi. Huku naja kusimamia tu." Grasiana akajifunika kanga usoni na kuanza kukohoa. Mimi nikabaki na jembe mkononi, mdomo wazi.

Kwa nini sikusema kitu? Kwanza nilidhani ni mpita njia, atakwenda zake na pikipiki yake. Pili, nilimwona Ikram usoni. Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimeyaona meno yake tangu utingo aondoke, nikamwonea huruma. Hilo ni kosa langu na nimelilipia.

Kwa sababu yule bwana alirudi. Alirudi Alhamisi, akarudi Jumanne. Timu yao ilikuwa imepanga vyumba Kabuku, kwa hiyo masengenyo ya kijiji hayakumfikia, na kijia chetu kikawa ndiyo njia yake. Alikuwa akisimamisha pikipiki, akisalimia, akizungumza na Ikram chini ya ule mwavuli. Na kuanzia hapo mdogo wangu hakuweza tena kuonekana na jembe.

Sasa zamu ingekuwaje? Wenzetu walikuja kwetu, sisi lazima twende kwao. Hakuna anayesamehewa zamu kwa sababu ya mapenzi. Basi Ikram akaanza kwenda alfajiri, peke yake, anapalilia sehemu yake kwa Grasiana na kwa wengine kabla watu hawajafika. Mikononi alivaa soksi ili viganja visiote sugu. Mwanamke mzima, soksi mikononi, amepiga ngwe mbili kabla jua halijatoka, ili tu mtu aamini kwamba hajui kulima. Saa mbili ameshaoga, amepaka mafuta, amekaa na mwavuli anapiga miayo. Alichoka kuliko sisi sote. Nikamwambia, "Ikram, kujifanya tajiri kutakuua kwa kazi." Akasema nisimkatishe tamaa.

Siku moja akamkaribisha chakula cha mchana. Kwa mujibu wa uongo wetu, kibarua ndiye anayepika, kwa hiyo nilipika mimi. Nilikuwa nimetayarisha bada, ule ugali wa muhogo, na mboga ya majani, chakula chetu cha kila siku. Ikram akaja jikoni mbio, akasema bada haiwezekani, watu wa hadhi yake wanakula wali na kuku. Jogoo tuliyekuwa naye ni mmoja, wa binti yangu, alimlea tangu kifaranga. Sitaki kusimulia jinsi binti alivyolia.

Wageni wakakaa mkekani, maana yake Awadhi na mdogo wangu, mimi nikakaa jikoni na moshi. Nikaona wali unaanza kuungua, na Ikram ndiye aliyekuwa ameondoka na mwiko. Nikamwita kwa Kizigua, kwa sababu nikikasirika Kiswahili hunikimbia. Ikram akanitazama kama mtu asiyesikia lugha hiyo. Nikarudia, kwa sauti. Akatabasamu kwa Awadhi na kusema, "Huyu mama namwelewa kwa shida, mimi nimekulia mjini."

Awadhi akacheka kwa upole. "Anasema wali unaungua na mwiko unao wewe," akamfasiria. "Kishambaa changu na Kizigua havipishani sana." Alimfasiria lugha ya mama yake mzazi, aliyoongea akiwa hajaota meno! Nilirudi jikoni nikakaa juu ya kigoda nikajiuliza kama mwenye wazimu ni mimi au ni yeye. Baadaye Awadhi akauliza kama kuna bada kidogo, maana ndiyo aliyokulia. Ikram akasema watu wa nyumba hii hawaijui. Ilikuwa sufuria nzima, imefunikwa nyuma yangu.

Yule bwana mwenyewe sina ubaya naye. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Angekuwa na majivuno ningemtoa mbio. Alikuwa mtu mwenye adabu, na alikuwa ananihurumia. Siku moja alikuja akanikuta peke yangu. Ikram alikuwa chumbani, gauni la njano halijakauka na la bluu lilikuwa limeonekana mara mbili wiki hiyo, kwa hiyo nilipewa amri ya kusema kwamba bosi amekwenda Korogwe kukagua biashara. Awadhi akachuchumaa kando ya mstari niliokuwa napalilia.

"Mama, samahani kukuuliza. Bosi wako anakulipa kwa siku au kwa ngwe?"

Nilikuwa nimechoka na jua. "Hajawahi kunilipa," nikasema. Ulikuwa ukweli mtupu.

Akashtuka. "Tangu lini?"

"Siku nyingi, mwanangu. Hata sikumbuki."

Akachuna jani, akalikunjakunja. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nisiogope, kijiji kina ardhi ya akiba, na mtu asiye na shamba anaweza kuomba hata ekari moja. "Umri huu, mama, usikubali kumaliza maisha yako kwenye ardhi ya mtu. Ukitaka nitakuandikia barua mimi mwenyewe." Nilisimama na miguu miwili juu ya shamba la mama yangu, nikamshukuru.

Jioni Ikram akanijia juu kama moto wa nyika. Kumbe Awadhi alimpigia simu akamkemea kwa adabu kuhusu haki za wafanyakazi. "Dada, umemwambia sikulipi!"

"Unanilipa?"

"Si hoja hiyo! Ameniona mtu mbaya!" Na akaanza kulia, kulia kwelikweli, mpaka ikabidi mimi, niliyesingiziwa ukibarua na kuchinjiwa jogoo, nimbembeleze.

Mwishoni mwa mwezi wa tano mkutano wa kijiji ukaitishwa. Awadhi ndiye aliyesimama kutoa elimu. Akaeleza kwamba kila shamba litapimwa, mwenye shamba na majirani wawepo mpakani, jina liandikwe, picha ipigwe. Akarudia mara tatu kwa wanawake: "Jina lako lisipoandikwa, usiseme hukuambiwa." Nilihisi ananisema mimi na shemeji zangu. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha, nimeshachagua kanga nitakayovaa kwenye picha.

Ikram alikuwa amekaa kizingitini. Akasema, "Dada, nina ombi, na usipige kelele mpaka nimalize."

Ombi lenyewe lilikuwa hili. Shamba liandikwe jina lake peke yake. Kwa muda tu. Awadhi alikuwa ameshamdokeza habari za posa, na yeye hawezi sasa hivi kumwambia kwamba yule kibarua ni mmiliki mwenzake na ni dada yake. Akishaolewa, mambo yakitulia, atakwenda ofisi ya ardhi Handeni kimyakimya aniingize.

Sikupiga kelele. Kelele zilikataa kutoka. Nilimwuliza kama anakumbuka siku niliyofika hapa na sufuria zangu mbili. Akasema anakumbuka. Nikamwuliza kama shemeji zangu nao hawakusema "kwa muda tu". Akasema yeye si shemeji zangu, na kwamba mimi nilishaolewa, nilishapendwa, ila yeye alipata utingo. Usiku huo kila mtu alilala ameupa ukuta uso wake.

Siku ya kupima ilifika. Walikuwepo Awadhi na kishikwambi chake, mjumbe mmoja wa serikali ya kijiji, Mzee Mhina kwa mpaka wa juu na Matayo kwa mpaka wa chini. Wote hao walijua. Kijiji kizima kilijua, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa anaandika. Mzee Mhina alikuwa amefurahia mchezo ule tangu mwanzo kiasi kwamba akipita shambani kwetu alikuwa akiniita "mama kibarua" na kucheka mpaka kofia inadondoka. Siku hiyo hakucheka. Mimi nilikuja na jembe begani, kwa sababu sikujua nije kama nani.

Tukazunguka mipaka. Mzee Mhina akaonyesha minyaa, Matayo akaonyesha korongo, hakuna aliyebishana. Awadhi akasimama katikati ya mahindi.

"Mmiliki wa shamba hili ni nani?"

"Mimi," akasema Ikram.

"Peke yako, au una mwenza?"

Lilikuwa ni swali analomwuliza kila mtu, lipo kwenye fomu. Ikram akatazama viatu vyake. Nikamtazama yeye. Nilingoja. Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba ikifika hapo moyo utamsuta, atasema.

"Peke yangu," akasema.

Awadhi akawageukia majirani akauliza kama wanakubali. Matayo akatazama mbali. Mzee Mhina akapangusa kofia yake, akasema, "Mimi naona mumuulize kwanza Mashavu."

"Mashavu ndiye nani?"

"Huyo mwenye jembe."

Awadhi akanigeukia. "Mama, una neno?"

Nilikuwa na neno. Nilikuwa nalo mdomoni: huyu ni mdogo wangu, tumetoka tumbo moja, na huo mgahawa wa Korogwe alikuwa anaosha vyombo. Nikamtazama Ikram. Midomo ilikuwa imemkauka, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwonea huruma tena. Nilikasirika mpaka nikataka kujipiga mwenyewe. Lakini ardhi yangu sikuwa tayari kuiacha. Ndipo likanijia jambo ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi.

"Bosi aliniahidi nusu," nikasema.

"Nusu ya nini?"

"Ya shamba. Nimelima hapa miaka yote hiyo bila kulipwa. Akasema siku shamba likipimwa, nusu ni yangu, na jina langu litaandikwa. Labda amesahau. Muulize."

Mjumbe wa serikali ya kijiji akageuka ghafla kutazama mihogo. Ikram akainua macho. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alinitazama kama mdogo wangu.

"Ni kweli?" Awadhi akamwuliza.

"Ni kweli," akasema, sauti haitoki vizuri. "Nusu ni yake."

Awadhi alishusha kishikwambi. Aliona kitu ambacho sisi hatukukiona. Akasema katika vijiji vyote alivyopita hajawahi kuona mwenye mali akimgawia kibarua wake ardhi, tena mbele ya mashahidi, na machozi yakamlengalenga. Akatupanga mimi na Ikram bega kwa bega akatupiga picha. Kisha akaniambia, kwa wema wote alio nao, "Mama, toa shukrani basi."

Nilisimama pale, kwenye shamba nililopewa na mama yangu mzazi, nikamwambia mtoto niliyembeba mgongoni, "Asante, bosi."

Kwenye fomu kulikuwa na mahali pa kujaza uhusiano wa wamiliki wawili. Kulikuwa na mume, mke, mzazi, mtoto, ndugu, na mwisho mengineyo. Awadhi akachagua mengineyo, na mbele yake akaandika: kibarua.

Nyumbani Ikram alinipikia, akaniletea maji ya kunawa akiwa amepiga magoti. "Umeniokoa, dada." Nikamwambia nimeokoa shamba, yeye aliokoka kwa bahati mbaya. Lakini hakunisikia, alikuwa anaelea. Kuanzia siku ile Awadhi alimpenda waziwazi. Alikuwa akimpigia simu asubuhi na jioni. Alimwambia mama yake, anayeishi Magoma, habari za mwanamke huyu, na mama akamtumia salamu Ikram na kusema anataka kumwona. Posa ikapangwa iletwe mara tu hati zikigawiwa. Mimi nikauliza: siku ya posa nani atakuwa upande wa bibi harusi, maana ndugu yake wa pekee ni kibarua? Ikram akasema tutaona. Neno hilo "tutaona" nimelisikia kwake tangu anajifunza kutembea.

Hati zikaja mwezi wa tisa. Turubai likafungwa mbele ya ofisi ya kijiji, viti kwa viongozi, mikeka kwa sisi wengine. Awadhi ndiye aliyeshika kipaza sauti. Akawa anaita majina, watu wanakwenda, wanapokea, wanapigiwa makofi. Yetu akaiweka ya mwisho kusudi. Akawaambia watu wanyamaze, ana mfano wa kuigwa, na akasimulia kisa kizima: bosi, kibarua, nusu ya shamba. Wanawake wa zamu yetu waliinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Grasiana aliuma kanga.

"Mashavu Rajabu!" akaita. "Kibarua!"

"Naam!" nikaitika.

Nilikwenda mbele nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa ngumu, imefunikwa na plastiki, ina picha yangu kando ya picha ya Ikram, na jina langu. Nililisoma mara tatu. Watu walikuwa wanapiga makofi, wengine wanacheka, na mimi sikujali. Wangeniita hata mbuzi siku ile. Nilikuwa nalo jina langu mkononi na hakuna shemeji ambaye angelifuta.

Kisha akaitwa Ikram achukue nakala yake. Alikwenda mbele, lakini hati hakuipokea. Alikamata kipaza sauti.

"Huyu si kibarua wangu," akasema. "Ni dada yangu. Mama yetu ni mmoja. Nusu ile sikumpa mimi, alipewa na mama, kama nilivyopewa nami yangu. Mgahawa sina. Nilikuwa naosha vyombo."

Awadhi alibaki ameshika orodha yake. Nilimwona akiisoma, kana kwamba ukweli ungekuwemo humo. Baadaye akanijia, na sauti yake ilikuwa ya ofisini.

"Naomba hiyo hati."

"Ya nini?"

"Ina taarifa ya uongo. Lazima irudi Handeni irekebishwe."

"Jina langu ni la kweli," nikasema, nikaibana kifuani. "Picha ni ya kweli. Mipaka ni ya kweli."

"Uhusiano si wa kweli, dada. Siwezi kuiacha." Akaishika upande mmoja, mimi upande mwingine, na watu wote wanatazama. Mwenyekiti wa kijiji akaja akaniambia taratibu, "Iachie, Mashavu, itarudi." Nikaiachia. Awadhi alisema itachukua wiki sita. Leo ni wiki ya kumi na moja.

Ikram alimfuata nyuma ya ofisi, na mimi nikamfuata Ikram, kwa sababu nilikuwa nafuata karatasi yangu. Awadhi alikuwa anafunga begi. Hakumkaripia. Alisema, "Mama yangu anafanya kibarua kwenye majaruba ya mpunga ya watu Magoma. Tangu nipate akili. Nilimpigia simu nikamwambia nimempata mwanamke aliyempa kibarua wake nusu ya shamba. Alilia, Ikram. Nilikupenda kwa nusu ile. Sasa nikamwambie nini?"

Safari hii Ikram hakutunga kitu. Awadhi akapanda pikipiki yake akaondoka na nakala zetu zote mbili za hati. Nasikia sasa timu yao imehamia vijiji vya upande wa pili. Ikram akimpigia simu inaita mpaka inakatika.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, viatu mkononi. Nilimsema njia nzima. Nilimwambia miezi mitano ameweza kudanganya, miezi mitano! Kadanganya shambani, kadanganya mkekani, kadanganya mbele ya mjumbe wa serikali. Akashindwa kuongeza saa moja tu, nifike na hati yangu, niifungie sandukuni, halafu huo ukweli wake akautoe kesho? Nani alimwomba autoe leo? Mimi nilimwomba? Nilikuwa nayo mkononi! Alikuwa analia bila kugeuka, na mimi nilikuwa naongea na mgongo wake.

Tulipofika kwenye minyaa ya Mzee Mhina akasimama. Akageuka, uso umelowa wote.

"Walikuita kibarua mbele ya kijiji kizima, dada," akasema. "Na wewe ukaitika."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu. Nilikuwa nayo ya kutosha kufika nyumbani na kurudi. Lakini nilikumbuka jinsi nilivyoitika, upesi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitwa hivyo, nikayakosa yote.